Kwa Bwana Kaljo Hinn, Aliyetuhesabia Makosa

Barua yako imefika Jumanne, pamoja na bili ya umeme.
Nimefungua yako kwanza. Bili haijui kuudhi kama wewe.

Umeturudishia toleo la vuli zima zima,
limetapakaa wino mwekundu kama daftari la mtoto mtundu,
na chini, kwa mwandiko wa mwalimu mstaafu wa jiografia:
"Arobaini na moja. Mhariri yuko wapi?"

Mhariri yuko hapa, Bwana Hinn.
Yuko jikoni kwake, mjini Võru,
kwenye meza iliyokuwa na maganda ya viazi saa moja iliyopita.
Ofisi yetu ni mimi,
ni Meelis, apangaye kurasa akitoka zamu ya usiku kiwanda cha jibini,
na printa inayokohoa ikifika ukurasa wa tisa.
Sijitetei. Umeuliza niko wapi.

Nakiri. Ukurasa wa nne,
Bibi Leonida Väli tulimweka kwa marehemu
naye yu juu ya ngazi anachuma tufaha.
Alipiga simu mwenyewe, akacheka.
Mwanawe hakucheka.
Ukurasa wa kumi na mbili, matango ya kuchachua:
vijiko vitatu vya chumvi vikawa vikombe,
na liko pipa moja huko Rõuge
ambalo hata nguruwe wamelisusa.
Ukurasa wa ishirini tuliomba radhi
kwa makosa ya toleo lililotangulia,
na hiyo radhi ikatoka na d mbili.

Jicho huzoea, bwana.
Neno ukilisoma mara saba linaacha kuwa neno,
linakuwa ukuta wa nyumba yako;
hujui tena una nyufa ngapi
mpaka mgeni aje azipitishie kidole.
Usiku ule nilikichukia kidole chako.
Asubuhi nikachanganya udongo.

Nimeziba arobaini.

Lakini huu wa arobaini na moja, ukurasa wa mwisho,
shairi la Salme Piho,
neno ulilolikata mara mbili hadi karatasi ikachanika,
huu si ufa. Ni dirisha.
Ndivyo waitavyo kijijini kwao theluji ile
inayoyeyuka kabla haijagusa bega.
Kamusi yako hailijui. Hata mimi sikulijua,
nilitaka kulinyoosha,
Salme akanishika kifundo cha mkono
(ana miaka themanini na tisa, na vidole vya kukamua ng'ombe)
akasema: Nimebaki mimi na dada yangu,
na dada yangu hasikii.

Basi limebaki. Toleo la baridi tutalichapa tena,
herufi kwa herufi. Nimelikagua mara tisa.

Naona umelipia mwaka ujao.
Meelis anasema ni ili uendelee kututukana.
Mimi sijui.
Viazi huondolewa mezani saa mbili usiku,
kiti cha tatu kina mguu mmoja mfupi,
na wino mwekundu hatuna.
Njoo na wako.