Vigingi vya Rangi ya Chungwa

Lango la chuma limefungwa kwa kamba ya nailoni.
Nalifungua, napita, nalifunga tena
kwa fundo lile lile la baba,
ingawa hakuna kondoo wa kutoroka.

Kilima hiki hakina sifa.
Hakina jabali wala maporomoko;
ramani imekipa namba, basi.
Wapanda milima hukipita wakikimbilia vilele vyenye majina.
Nyasi tu, rangi ya mkate mkavu,
zimelalia upande wa mashariki
kama nywele za mtoto aliyeamshwa mapema.

Kimya. Si kimya kitupu, la:
chini ya ukoka maji yanatembea yasikoonekana,
tope linafyonza buti, linaliachia, linalifyonza,
na juu mwewe anachora duara asilolimaliza.

Njia ni nyembamba, upana wa kwato mbili.
Haikuchongwa na mtu.
Majike waliirithishana kwa miguu, mama kwa mwana:
hapa pinda, hapa jikinge upepo,
hapa usikanyage.
Baba, Ithel wa Blaen-y-Gors, alikuwa akisema
kondoo wetu hawataki ua;
ua wao wameunyonya.

Mwezi wa tisa lori lilikuja.
Niliwahesabu kwa Kiwelisi, wawili wawili;
dereva akawahesabu kwa kalamu.
Mia mbili na kumi na mmoja.
Hesabu zetu zikalingana,
na hilo ndilo lililoniuma.

Sasa kuna vigingi,
kila hatua ishirini, hadi ukingoni mwa mbingu.
Watapanda misonobari.
Barua ya kampuni ina maneno mazuri:
kaboni, hewa, vizazi vijavyo.
Siwalaumu. Nilitia sahihi kwa mkono huu huu
unaofungua sasa chupa ya chai kileleni,
na upepo unakunywa mvuke kabla yangu.
Bondeni kuna moshi mmoja tu:
Heledd anaoka, au anachoma karatasi za marehemu mumewe.
Kwa mbali huwezi kujua.

Nikishuka nagundua
nimepinda pale pa kupinda,
nimejikunyata penye kinga,
nimekwepa pasipokanyagwa,
bila kuwaza.

Kigingi kimoja kimesimama katikati ya njia.
Mkono ulikishika. Kilicheza, kama jino bovu.
Nikakiacha.
Nikakizunguka kwa kushoto, kama jike mzee,
na nilipogeuka kutazama
nyasi chache zilikuwa zimelala upande mpya.