Kati ya Almasi Mbili

Kazi yangu ni waya. Nasokota shaba
kwenye mota zilizoungua, Katuba, nyuma ya duka la makaa,
mizunguko mia mbili na arobaini kwa kila koili.
Nahesabu kwa midomo, bila sauti.
Mtu akinisalimu, naanza upya.

Joto nalijua. Pua yangu hulijua
kabla mkono haujagusa:
vanishi iliyoiva kupita kiasi,
sukari ikiungua chini ya sufuria.
Ndivyo umeme unavyolipa ushuru njiani.
Hutoka bwawani mzima, kama mtoto aliyevalishwa sikukuu,
hukatwa huku, humegwa kule,
na ukifika kwetu taa inawaka rangi ya chai
iliyochemshwa mara ya pili.

Numbi, binti yangu, anasoma fizikia.
Juzi, umeme umekatika na mshumaa umekwisha,
akaniambia gizani:
Mama, kuna kitu kisicho na ukinzani.
Umeme ukiingia humo unazunguka tu,
haupungui, haupashi joto, haudai kitu.
Nikacheka. Nikamuuliza bei ya mita moja.

Hakiuzwi kwa mita, akasema.
Ni chembe, nyembamba kuliko unywele wako,
lantani na hidrojeni, ile gesi nyepesi kupita zote,
itorokayo hata kwenye chupa iliyofungwa.
Wameitia kati ya ncha za almasi mbili,
wakakaza skrubu, wakakaza,
hadi uzito wa anga ulio juu ya kichwa chako
ukarudiwa mara milioni moja na laki saba.
Hapo hidrojeni ikakosa pa kukimbilia.
Elektroni zikashikana mbilimbili
kama watoto wa shule wakivuka barabara,
na mshale wa kipimo ukaanguka kwenye sifuri,
ukalala.

Na baridi yake?
Nyuzi ishirini na tatu chini ya sifuri.
Nikanyamaza.
Hiyo si mbali na friza ya Kabedi
siku umeme unapokaa,
samaki wake wakigongana kama matofali.

Almasi pia nazijua, kwa habari.
Mjomba Tshimanga alizichimba Mbuji-Mayi miaka kumi na mmoja,
akarudi na kikohozi na redio.
Labda moja ilipita kwenye ungo wake,
akaitoa kwa gunia la unga wa bukari,
ikaenda mbali, ikachongwa,
ikapewa kazi hii
ya kubana kitu mpaka kiache kubisha.

Kosa langu, nilimsimulia mchungaji.
Jumapili akaipandisha madhabahuni:
Nanyi mkibanwa, wapendwa, neema itapita ndani yenu
bila kizuizi!
Wakaitika amina.
Mimi sikuitika.
Nimebanwa na ada ya chuo, nimebanwa na kodi,
na transfoma ya mtaa iliyolipuka mwezi wa tano,
wala sijapungukiwa ukinzani hata omu moja.
Napata joto tu, mchungaji.
Niguse.

Na skrubu ikilegezwa? nilimuuliza Numbi.
Hidrojeni inakwenda zake. Imekwisha.
Wapo waliotangaza kwamba wamepata
bila baridi, bila kubana sana;
wenzao wakapima, wakapima tena,
hawakuona kitu. Karatasi zikafutwa.
Hilo lilinipendeza kuliko almasi:
kwamba huko nako kuna watu
wanaorudi kwenye moja.

Leo mota iliyo mapajani mwangu
ni ya friza ya Kabedi.
Mia moja themanini na mbili, themanini na tatu...
Kivuli chake mlangoni, beseni kichwani,
maji ya samaki yakimdondoka begani.
Bado? anauliza.

Bado, namjibu,
na hesabu yote inanitoka.