Mstari wa Kwanza Thelujini

Saa tisa na nusu usiku, mjini Oulu,
Veikko Haapsaari huwasha trekta lake
na kuliacha lingurume kidogo, lipashe kifua moto.
Nyuzi ishirini na tatu chini ya sifuri.
Pua hushikana kwa ndani kila ukivuta pumzi.

Agizo la mji limebandikwa ukutani, juu ya birika:
njia za baiskeli kwanza, barabara za magari baadaye.
Ikifika saa moja asubuhi watoto wawe na pa kupita.
Otso, mpwa wake, kaja jana kutoka Helsinki; alilisoma akacheka:
"Baiskeli? Kwenye barafu hii?"
Veikko hakumjibu. Alimvika kofia, akampandisha.

Wakaenda wakiikwangua njia,
si mpaka kwenye lami, hapana.
Ukiondoa yote unabakiza kioo, na kioo huvunja nyonga.
Unaacha ukoko, mwembamba, mgumu,
kama wa wali uliosahauliwa mekoni,
kisha koleo linauchanja chale
ili tairi lipate pa kung'ata.
Hilo hakufundishwa na mtu. Alifundishwa na matako yake,
mbele ya maktaba, mwaka wa kwanza wa kazi.

Mzunguko wa pili ndio wa kusoma.
Theluji changa imeshatandika shuka juu ya jasho lake,
na juu ya shuka pana mwandiko.
Huu mnene, wenye meno, ulionyooka kama uzi wa mwashi,
ni wa Raakel, mwoka mikate,
asiyeyumba hata akipiga chafya.
Huu unaokatika na kuanza upya
ni wa kijana wa chuo: anapanda, anasukuma, anapanda.
Na hii miwili inayokwenda sambamba,
ikikaribiana, ikiachana,
ikikaribiana tena chini ya daraja —
"Hao," asema Veikko, "bado hawajaambiana."

Kulikuwa na mwingine, uliotangulia yote.
Sylvi Lämsä, mkunga mstaafu,
aendaye mtoni kabla ya jogoo wa mtu yeyote
kujitosa kwenye tundu la barafu na kutoka mwekundu kama kamba.
Miaka kumi na mmoja hawajawahi kusemezana.
Yeye hugonga kengele mara mbili, Veikko huwasha taa mara moja.
Basi. Imetosha.
Tangu Novemba mstari ule haupo.
Veikko hajamuuliza mtu. Angeuliza nini?
"Samahani, mwandiko fulani umekwenda wapi?"

Karibu na daraja la reli Otso akasema: simama.

Mistari mitatu.
Mmoja katikati, miwili pembeni,
ikisonga pamoja, polepole,
kama mafiga yaliyoamua kuhama.

Veikko akashuka. Akapima kwa buti,
kutoka ukingo hadi ukingo, akapima tena.
Akapanda, akarudi kinyumenyume hadi penye mti wa taa,
akaipitia njia upya, nusu hatua zaidi upande wa kulia,
akila theluji ya ua wa watu.
"Agizo linasema mita tatu," Otso akamkumbusha.
"Agizo halina magurudumu matatu."

Kutoka mtoni, kwenye giza,
kengele: moja.
Wakangoja.
Ya pili ilichelewa, kama mtu anayevua glavu kwanza.

Kesho yake Otso hakutokea trektani.
Baiskeli ya zamani nayo haikuwepo bandani.
Mzunguko wa pili, nyuma ya shule,
Veikko akakuta mstari asioujua,
umejipinda kama mnyoo, umegusa kila ukingo,
na katikati yake umbo la mtu mzima
aliyelala chali, mikono wazi, kofia kando.
Halafu mstari unaendelea.
Akainua koleo,
akapita pembeni, asiufute.