Bado

Damu imedondoka tena kwenye zulia,
matone matatu, kisha manne, mpaka jikoni,
nami nafuta kwa kitambaa chenye siki nikihesabu siku.
Joto lake la tatu. Nje, theluji ya Hawick
imegeuka tope kando ya mto Teviot.

Bwana Turnbull amekwisha piga simu mara mbili.
Dume lake lina riboni tano na mwendo wa bwana harusi.
"Mlete siku ya kumi na moja," asema, "usichelewe."
Kiwandani, kwenye meza ya kukagulia sweta,
Morven amejiwekea jike,
Shona anataka yeyote, mradi masikio yawe mekundu ya mama mtu,
na mimi, Mungu anisamehe, nimeshapiga hesabu:
watoto wanne, hata watatu,
na boila mpya inanguruma ukutani.

Tunu hajui hesabu. Amelalia kiatu changu.

Mama nilimwambia kwa kuzungukazunguka,
maana kwetu mbwa ni wa uani,
akikugusa na unyevu wake waosha mara saba, moja kwa udongo.
Kimya. Kisha: "Na huyo mume, umemuulizia kwao?"
Nikacheka. Hakucheka.
"Babu mtu alikufa kwa maradhi gani? Mama mtu yuko hai?
Hakuna ndugu wanaofichwa chumba cha nyuma?
Mume wa dada yako tulimuulizia miezi minane.
Wewe huyu unamwoza kwa riboni?"

Basi usiku nikakunjua karatasi za nasaba,
vizazi vitano, majina marefu yenye vyeo.
Nikatandaza ya Tunu, nikatandaza ya dume,
nikafuata kwa kidole.
Babu mmoja. Hapa. Na hapa.
Na ng'ambo kule, juu, yeye tena,
kama yule mtundu wa picha ya shule
aliyekimbia nyuma ya mstari atokee pande zote mbili.
Binamu nyama ya hamu, twasema.
Aliyesema hakupimwa moyo.

Nikampigia Bibi Heslop, aliyeniuzia Tunu
akiwa gao moja la manyoya na kwikwi.
Alikohoa. Akaniuliza hali ya hewa,
na sote wawili tuko chini ya mvua ileile.
Ndipo akasema: mama yake, ndiyo, miaka sita,
aliketi bustanini kama anayepumzika.
Na dada mtu. "Ni kawaida ya mbegu hii," akasema,
na hiyo kawaida ikabaki sikioni kama maji ya kuogelea.

Daktari Catriona hakuharakisha.
Alifumba macho, akaweka kipimamoyo ubavuni,
Tunu akimlamba kifundo cha mkono.
"Sisikii kitu," alisema. Nikashusha pumzi.
"Bado," alisema.

Kwao ni maneno mawili; mimi nilisikia moja, letu.
Umekula? Bado. Umeoa? Bado.
Neno la mlango uliorudishwa bila komeo.
Sikujua kuwa linaweza kudunda.
Tungoje, alisema, afike miaka mitano, tupime tena,
tumtafute dume mzee, wa mbali, ambaye kwao wanazeeka.
Ila akifika umri wa kuaminika
atakuwa amepita umri wa kuzaa mara ya kwanza.
Alilisema hilo akinawa mikono, mgongo kwangu.

Siku ya kumi na moja ilikuwa Alhamisi.
Nilimfunga kamba nikampeleka njia ya kilimani,
mbali na uzio wa Turnbull, na dume lake
likatulilia mpaka tulipopinda kona.

Morven amenunua kwingine, kwa mtu aliyekutana naye
maegeshoni. Mama mtu hakumwona.
Boila, bado.

Jioni mama alipiga. Nikamwambia: hatazaa.
Kwa muda nikasikia redio yake tu.
"Anapumua vizuri?" akauliza,
mwanamke ambaye hajawahi kumgusa mbwa.
Nikaweka simu ubavuni pa Tunu, asikilize.