Kasra Moja

Jumatano, soko la wanawake, Ibra,
alinunua ubani wa riali mbili
akarudi maktaba na karatasi ya kufungia.
Ubani wenyewe aliusahau garini.

Ndivyo Bi Ghaniya alivyoianza miaka tisa
ya kusoma ukurasa mmoja.
Mbele, hesabu ya karafuu:
frasila, deni, jina la mdeni limekwanguliwa.
Nyuma, mistari sita ya shairi,
Kiswahili kwa hati ya Kiarabu,
mkono wa mtu aliyefundishwa kusoma
akakatazwa kuandika.

Mimi ndiye niliyemshikia taa.
Kijana wa kupanga vitabu,
Kiswahili changu cha jikoni,
cha bibi akigombana na sufuria.
Akinisahihisha huku kainama:
"Si *karatasi yake*, *karatasi lake*? Wewe!
Na usipumue hapo. Wino huu
una umri kuliko baba yako."

Mstari wa nne, neno la tatu:
siku, kisha pe, chini yake kasra, kisha nda.
Na kasra ya wazee ni i, ni e, haichagui.
*Sikupinda.*
*Sikupenda.*
Mwanamke aliyekaza shingo,
au mwanamke aliyeozwa tu,
na baina yao kistari
kama ukope ulioangukia karatasi.

Aliandika barua Unguja. Akaandika Lamu.
Alikwenda Mudhairib kwa mzee aliyekumbuka
nyanya yake akichora kwa mkaa ukutani,
akifuta kwa kanga kabla wanaume hawajarudi.
Akapima unene wa kalamu. Akahesabu mizani:
i au e, mizani ni ile ile.
Vina navyo viko mbali na neno lile.
Shairi likakataa kutoa ushahidi.

Walikuja wakubwa, wakauliza
mbona hachapishi. Akawamiminia kahawa,
akawaonyesha njia ya kutokea
kwa adabu kubwa.

Siku ya kustaafu alinikabidhi kadi.
Penye *Mtunzi* paliandikwa *hajulikani*;
alilikata, akaandika: *hakuulizwa.*
Neno lile kaliacha bila irabu.

Sasa kompyuta inaidai irabu.
Nyumba tupu haiikubali, inawaka nyekundu.
Naandika *sikup*, naondoka, nakwenda kupanga magazeti.

Jana usiku bintiye kanipigia simu:
"Mama anauliza, umeweka ipi?"
Nikasikia kikombe kikitua mezani, nyuma yake, taratibu.
Nikamwambia mtandao umekatika.