Hati ya Nasaba

Dukani Sib, nyuma ya kioo,
paka wa Kiajemi aliandikwa riyali mia tatu na ishirini.
"Mbuzi wawili wa Idi," alisema Nasor, "na chenji ya mkaa,"
akaenda zake kutafuta kahawa.
Ghaniya mjukuu wangu akabaki palepale,
pua yake bapa kwa kioo,
ya paka bapa kwa kuzaliwa.

Nimekuwa nesi miaka thelathini, najua kuulizia pembeni.
Jioni nikapewa namba ya Thuwaiba.

Nyumba yake ipo Mabela, nyuma ya gereji za matairi.
Joto la Julai lilitusindikiza mpaka mlangoni
likataka kuingia nasi.
Chumba cha wageni kimejaa vizimba,
ratiba ya dawa imebandikwa penye picha ya Makka kidogo kushoto,
na Marivic, katoka zamu ya usiku, sare bado mwilini,
anamnyonyesha kitoto cha paka kwa bomba la sindano.

Wapo wa kila ukoo.
Paka wa Siam ambaye bwana wake kahamishiwa Doha.
Kijibwa cha manyoya ya kusokotwa,
kilifungwa kwenye nguzo ya maegesho
siku ile shule za wageni zilipofungwa.
Na saluki, mbwa wa mbio, miguu mitatu,
hakubweka, hakutikisa mkia,
alitutazama tu kama mtu aliyewahi kuwa na mali.

Na huyu wetu. Amenyolewa,
maana manyoya yalishikana kama zulia lililolowa.
Kichwa kikubwa, mwili wa kuku aliyenyonyolewa.
"Ni Mwajemi kweli?" nikauliza.

Thuwaiba akavuta droo, akanipa karatasi.
Muhuri wa dhahabu. Baba, babu, babu wa babu,
vizazi vinne, kila jina refu kuliko mkia wake.
Ilikuwa ndani ya boksi, naye juu yake,
na nusu mfuko wa chakula,
kwenye kivuli chembamba cha uwanja wa ndege.

Sikuisoma mpaka mwisho.
Nilikumbuka mwaka tuliorudi
(kurudi gani, nami sikuwahi kuwa huku?),
meza ya karani, feni inayolia,
bint nani, bin nani, kabila gani, kijiji kipi?
Kiarabu changu kilijikwaa kwenye kila kizingiti.
Babu watatu niliwataja. Wa nne sikumpata,
nilimtafuta mdomoni kama mtu anayetafuta funguo
na nyuma yake foleni inakohoa.

Paka huyu alikuwa naye, wa nne.
Na bado wakamwacha juani.

Fomu ya Thuwaiba haikuuliza ukoo.
Madirisha yana wavu?
Mkienda Salala kwenye manyunyu, nani atabaki naye?
Mtoto akimchoka, je?
Ghaniya akajibu la mwisho kwa kukasirika.
Riyali ishirini: chanjo, kuhasiwa, na kidude chini ya ngozi.
"Si bei yake hiyo," Thuwaiba alisema, "ni ya daktari,"
akanihesabia chenji ya hamsini kwa vidole vyenye mikwaruzo.

Siku tatu alikaa nyuma ya mashine ya kufulia.
Ghaniya alilala kifudifudi akimsomea hesabu za kugawanya.
Usiku wa nne nakaanga vitumbua,
nikahisi kitu chenye joto juu ya unyayo,
nikaacha kimoja kiungue.

Jina la kwenye karatasi hajaligeukia hata mara moja.
Sisi tunamwita Kashata.
Hati nimeikunja mara mbili
nimeiweka chini ya bakuli lake la maji,
maana sakafu ya jikoni imeinama.

Nasor hajasema kitu.
Ila jana, kikombe mkononi, akitazama ukuta:
"Yule wa miguu mitatu...
ameshapata watu?"