Mnunuzi wa Tatu

Kompyuta niliinunua kwa Eliseo Catrilef, fundi redio,
siku alipofunga duka. Feni yake hukoroma
kama birika lililosahauliwa motoni,
na herufi M haibonyei bila kubembelezwa.
Michezo mikubwa iliitazama mara moja ikakataa:
mashine yako haitoshi.
Sawa. Hata mimi
nimeshaambiwa hivyo, na watu wenye suti.

Basi nikashuka chini,
kule ambako michezo haina nyota wala tarumbeta,
bei yake peso mia nane, mia tisa,
pungufu ya empanada ya nyama pale stendi
ninapokata tiketi kuanzia saa nane usiku.
Mtaka cha mvunguni huinama;
mimi nililala kifudifudi, nikanyoosha mkono gizani.

Wa kwanza kuugusa: konokono
anadaiwa chumvi na jirani.
Saa nzima unamtambaza ukutani aende akalipe
deni ambalo, likimgusa tu, litamyeyusha.
Nilicheka peke yangu mpaka paka akahama chumba.

Wa pili: wewe ni lifti
katika jengo la ghorofa tisa.
Huna macho ya kutazama juu. Watu unawajua kwa miguu:
ndara za mjane wa ghorofa ya sita,
buti za mvulana wa mikate,
kisha soksi tupu zinazoshuka alfajiri, kimya kimya,
kutoka ghorofa ya sita.
Sikusema kitu. Lifti ina adabu zake.

Mingine takataka, nisikudanganye.
Ule wa bata askofu uliganda kabla ya mahubiri.
Rahisi ghali, alisema dada yangu Nolfa
huku akichovya mkate kwenye kikombe changu.
Nikamwonyesha lifti.
Aliondoka saa saba, kamba za viatu hazijafungwa.

Kisha Juni, na Valdivia ni Valdivia:
mvua siku ya kumi na moja,
simba bahari wamelala kwenye ngazi za soko la samaki
kama wapangaji waliokwisha lipa.
Ndipo nikaukuta: ofisi ya miavuli iliyopotea.
Umechorwa kwa penseli, hata alama za kifutio zimebaki.
Unaketi dirishani. Anakuja mtu, amelowa,
anaueleza mwavuli wake kwa kigugumizi
kama anayemweleza marehemu.
Ukimpa wa kwake, mvua inapungua kidogo.
Ukikosea, hasemi. Anaupokea, anashukuru,
anaondoka nao bila kuufungua.
Na hapo ndipo unapojua.

Usiku wa nne nilibaki na mwavuli mmoja
usio na mwenyewe. Nikangoja. Hakuja mtu.
Nikamwandikia mtengenezaji, Høgni fulani wa visiwa vya Faroe:
je, hili ni kosa, au ni hekima?

Akajibu: Ni uvivu.
Sikudhani kuna atakayefika huko.
Wewe ni mnunuzi wa tatu. Wa kwanza ni mama,
wa pili mimi mwenyewe, nikijaribu kama malipo yanapita.
Halafu, chini kabisa, kama aliyekumbuka akiwa mlangoni:
Wako uliupotezea wapi?

Nikamweleza. Basi la Osorno, kiti cha kumi na saba.
Wa kijani, ubavu mmoja umevunjika,
umefungwa uzi wa kushonea magunia.
Sikumwambia nilikuwa natoka kumzika nani.

Wiki tatu baadaye mchezo ukajisasisha,
kilobaiti chache, hata feni haikushtuka.
Pale ndoanoni unaning'inia: wa kijani.
Uzi wa gunia ameuchora fundo kwa fundo.
Na upande wa pili wa dirisha, kwa mara ya kwanza,
kuna kiti kitupu
na kengele ya kubonyeza.

Sijaibonyeza.
Mle ndani limebaki tone moja la mvua
nami sina haraka nalo.
Saa nane inakaribia. Navaa koti,
naiacha kompyuta ikikoroma,
natoka nje, gazeti kichwani.